Sura ya Tano: Nyoka Chini ya Farasi

Mapema Juni 1916 boti za vita za Waingereza zilitokea mbele ya Kasanga, kwenye Ziwa Tanganyika. Wakati huo mahali hapa paliitwa Bismarckburg, na boma la Wajerumani lilisimama juu ya rasi likilitazama ziwa. Kamanda wa boti hizo, Geoffrey Spicer-Simson, hakuwa mgeni wa vita vya Tanganyika. Desemba 1915 watu wake walikuwa wameiteka meli ya Kijerumani iitwayo Kingani, na Februari 1916 wakaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Lakini siku ile alipoinua macho na kuona midomo ya mizinga imemwelekea kutoka bomani, aligeuza boti zake akaenda zake Kituta, upande wa kusini wa ziwa. Wajerumani na askari wao wakapata upenyo, wakatoroka kupitia ziwani. Jeshi la nchi kavu lililotoka Rhodesia lilipoingia bomani, mizinga ile ilikutwa palepale. Ilikuwa magogo yaliyochongwa.

Nimeanza na magogo ya Kasanga kwa sababu sura hii inahusu picha, na wengi wetu tukisikia neno picha tunafikiria pambo la ukutani. Magogo yale hayakuwa pambo. Hayakutoa moshi wala kishindo, na bado ndiyo yaliyoamua nani akamatwe na nani avuke salama. Yalikuwa na umbo la mzinga, yalikaa mahali pa juu, na yalipata mtazamaji aliyekuja na hofu yake tayari moyoni. Hilo la tatu ndilo tunalosahau tunapozungumza juu ya ishara na hisia katika picha. Mchoraji huleta nusu ya kazi. Nusu nyingine huletwa na anayetazama, na huwa ameibeba kutoka nyumbani kwao.

Sasa chukua picha nyingine, ndogo kuliko kiganja cha mkono, ya aina inayowekwa katikati ya kurasa za kitabu cha sala. Ufipa, nchi inayoizunguka Kasanga, ina Wakatoliki wengi, na kadi za watakatifu ni vitu vya kila siku katika nyumba za huku. Hii ni ya Mtakatifu Georgi. Kijana amevaa deraya, joho jekundu linapepea nyuma ya mabega yake, farasi mweupe ameinua miguu ya mbele. Chini ya kwato yuko joka, mwili wa nyoka wenye mabawa na makucha, mdomo wazi, mkuki umeingia kooni. Mbali nyuma, binti mfalme amepiga magoti, na nyuma yake zaidi kuna kuta za mji. Hadithi za mafarisi wa Ulaya ni nyingi sana, lakini hakuna iliyochorwa mara nyingi kama hii na kufika mbali kiasi hiki.

Niliwahi kumwonyesha kadi kama hiyo bibi mmoja wa Kasanga aliyekuwa anaanika dagaa ufukweni. Nilimsalimu, akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu," akafuta mikono kwenye kanga, akaishika kadi kwa ncha za vidole. Alikaa nayo muda mrefu. Nilidhani atauliza jina la mtakatifu, au ataisifu rangi ya joho.

"Huyu nyoka amefanya nini?" akauliza.

Nikamwambia, "Bibi, alikuwa anakula watu."

Akaitazama tena. "Na kabla ya mkuki, walimtuma nani aende kuzungumza naye?"

Sikuwa na jibu. Nimeandika sura hii kwa sababu ya swali lile.

Swali lile lina kwao. Mwanaanthropolojia Mwingereza, Roy Willis, alikaa na Wafipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaandika mengi juu yao. Mwaka 1974 alichapisha kitabu kiitwacho Man and Beast, kinacholinganisha jamii tatu za Afrika na mnyama ambaye kila moja imempa nafasi ya pekee katika fikra zake. Wanuer wa Sudan Kusini wana maksai. Walele wa Kongo wana kakakuona. Wafipa, aliandika, wana chatu. Katika imani ya zamani ya Ufipa, mizimu yenye mamlaka juu ya milima, maji na misitu ilijionyesha kwa watu kwa umbo la chatu. Palikuwa na watunzaji wa mizimu hiyo, na chatu aliyejitokeza alipokewa kama anavyopokewa mkubwa aliyefika kutoka safari. Kumrukia kwa mkuki kungekuwa aibu na hatari kwa nchi nzima. Hata jina la Katavi, ambalo leo tunalijua kwa hifadhi ya taifa na kwa mkoa jirani, ni jina la mzimu wa namna hiyo.

Kisha Wamisionari wa Afrika wakaja na kanzu zao nyeupe. Ngome ya Karema, kaskazini mwa Kasanga kwenye ufuko huuhuu wa mashariki, ilijengwa na Wabelgiji kuanzia mwaka 1879 na kukabidhiwa mapadre mwaka 1885. Walikuja na Biblia ambayo nyoka yumo katika sura ya tatu ya kitabu cha Mwanzo kama mdanganyifu, na joka yumo katika sura ya kumi na mbili ya Ufunuo kama adui wa mwanamke na mtoto wake. Kwa macho ya padre aliyelelewa na sura hizo mbili, picha ya Georgi haikuhitaji maelezo yoyote. Farasi juu, nyoka chini, wema juu, uovu chini. Kwa macho ya Mfipa aliyemjua chatu kama mwenyeji wa nchi, kilichoonekana kwenye karatasi ni mgeni mwenye silaha anamuua mwenye nyumba.

Sisemi kwamba Wafipa waliikataa picha. Waliipokea, wakaibusu, wakaiweka kwenye vitabu vyao vya sala, na watoto wao wakabatizwa jina la Georgi. Imani yao ni ya kweli na sina nia ya kuigusa. Ninachosema ni kwamba picha ilipofika hapa ilikutana na mtu anayejua kusoma, ingawa alisoma kwa alfabeti nyingine, na usomaji wake unastahili kuandikwa kando ya ule wa padre. Bibi yule wa dagaa alianzia chini ya karatasi, kwa nyoka. Nimejaribu tangu siku ile kuzitazama picha zote za Georgi kwa kuanzia alipoanzia yeye, na nimeona mambo ambayo sikuyaona kwa miaka mingi.

Kwanza hadithi yenyewe. Georgi anatajwa kuwa askari aliyeuawa kwa ajili ya imani yake mwanzoni mwa karne ya nne, na kaburi lake linaheshimiwa Lydda, katika Palestina. Katika masimulizi ya zamani hakuna joka. Joka lilikuja karne nyingi baadaye, na likasambaa Ulaya yote kupitia mkusanyo wa maisha ya watakatifu ulioandikwa karne ya 13 na Jacobus de Voragine, aliyekuja kuwa askofu mkuu wa Genoa. Na huyo Jacobus anaiweka hadithi wapi? Katika mji uitwao Silene, katika nchi ya Libya. Karibu na mji, anasema, palikuwa na ziwa kubwa kama bahari, na joka lilikaa humo.

Msomaji wa Kasanga, asubuhi ukifungua mlango unaona nini? Ziwa kubwa kama bahari. Hadithi hii tuliyoizoea kwa ngome za Ulaya na misitu ya baridi, yule aliyeiandika aliiweka Afrika, ukingoni mwa maji.

Watu wa Silene walikuwa wanalilisha joka kondoo wawili kila siku ili lisije mjini na kuwaua kwa pumzi yake. Kondoo walipopungua wakatoa kondoo mmoja na mtu mmoja, wakichaguliwa kwa kura. Kura ikamwangukia binti wa mfalme. Georgi akapita njia, akalichoma joka. Hapa ndipo hadithi inapofanya jambo ambalo kadi za sala hazilionyeshi kamwe. Georgi hakuliua papo hapo. Alilijeruhi, kisha akamwambia binti avue mkanda wake alifunge joka shingoni. Binti akafanya hivyo, na joka likanyanyuka likamfuata kama mbwa mpole, likatembea nyuma yake mpaka mjini. Watu wakakimbilia milimani. Georgi akawaita warudi, akawaambia wamwamini Mungu na kubatizwa, ndipo akaliua, na ikabidi maksai jozi nne kulikokota nje ya mji.

Tumezoea kuiona hadithi hii kama pigo moja la mkuki. Kumbe ina sehemu nzima ambayo joka liko hai, limefungwa kwa mkanda wa msichana, linatembea barabarani.

Katika picha za Ulaya ninazozifahamu, iliyoielewa sehemu hiyo kuliko zote iko London, katika jumba la taifa la michoro. Aliichora Paolo Uccello wa Florence karibu mwaka 1470, kwenye turubai ndogo. Kulia yuko Georgi juu ya farasi mweupe, mkuki umelichoma joka jichoni na damu inadondoka chini. Nyuma yake wingu limejisokota kama kimbunga kinachokuja, kana kwamba mbingu yenyewe imemsukuma mbele. Kushoto ni mdomo wa pango, mweusi. Mbele ya pango amesimama binti, amevaa vizuri, uso umetulia, mkono mmoja ameunyoosha. Mkononi ameshika kamba, na kamba ile imekwisha kufungwa shingoni mwa joka.

Uccello amezibana nyakati mbili za hadithi katika picha moja, mkuki na mkanda pamoja. Matokeo yake yanashtua. Ukimtazama Georgi peke yake unaona ushujaa. Ukimtazama binti unaona mwanamke aliyekuwa na mnyama wake kwa amani, akaingiliwa na mtu mwenye silaha. Hana dalili ya hofu. Mkono wake aliounyoosha unaweza kuwa unasema "tazama nilivyolifunga", na unaweza kuwa unasema "unafanya nini?" Joka lenyewe lina mabawa yenye miduara ya rangi kama macho, mazuri kuliko kitu kingine chochote pale. Mwezi mwembamba uko angani. Hisia inayobaki kwa mtazamaji ni wasiwasi, na wasiwasi huo wote unatoka katika ile kamba nyembamba. Iondoe kamba, picha inakuwa ya ushindi kama nyingine zote.

Namwona binti yule na kukumbuka watunzaji wa mizimu wa Ufipa, watu waliojua namna ya kukaa na chatu. Uccello hakupata kusikia habari za Ufipa, na mimi simpi kile asichokuwa nacho. Lakini swali la bibi wa Kasanga, walimtuma nani aende kuzungumza naye, lina jibu katika picha ile. Walimtuma msichana.

Tupande sasa kaskazini, katika Afrika Mashariki yetu hii, mpaka Ethiopia. Huko Georgi, au Giorgis, ni mtakatifu wa kila ukuta wa kanisa. Siku ya 23 ya kila mwezi wa kalenda yao ni yake. Kanisa la mwamba la Lalibela lililochimbwa kwa umbo la msalaba, lile ambalo picha zake zimezunguka dunia nzima, ni lake. Katika picha za mbao zinazokunjwa kama kitabu, yeye huchorwa akiwa jirani na Mama Maria mwenye Mtoto, kama mlinzi aliyesimama mlangoni pa malkia.

Wachoraji wa Ethiopia walimpokea mtakatifu huyu kutoka mbali, wakamfanya wa kwao. Tazama mguu wake. Mara nyingi hana kiatu. Ameshika kikuku cha tandiko kwa kidole gumba, kama walivyopanda farasi wapanda farasi wa nyanda za juu za Ethiopia. Farasi mweupe amevishwa vazi na vishada vya sherehe za kwao. Binti hapigi magoti mbali; yuko juu ya mti, na anaitwa Birutawit, maana yake binti wa Beirut, kwa kuwa wao wanaiweka hadithi huko.

Kisha macho. Katika uchoraji wa kanisa la Ethiopia kuna kanuni ambayo ukishaijua huwezi tena kuitazama picha kwa namna ya zamani: watu wema huchorwa uso mzima au karibu uso mzima, macho yote mawili yakionekana, na waovu huchorwa upande, jicho moja. Macho ya Giorgis ni makubwa, meusi, na hayamtazami nyoka. Yanakutazama wewe. Mkuki unashuka peke yake, kama vile kazi ya kuua imekwisha kukabidhiwa kwa mkono na moyo umeelekea kwingine. Hakuna hasira usoni, hakuna jasho wala misuli iliyokaza. Wachoraji wa Ulaya walipenda kuonyesha purukushani, farasi aliyeshtuka, joho linalopepea. Hapa hewa imesimama. Rangi zimewekwa bapa, nyekundu, njano, kijani, bila kivuli, na kwa kuwa hakuna kivuli hakuna saa. Si asubuhi wala jioni. Hisia ni ya ibada, na nyoka aliyejikunja chini ni mdogo, karibu kama nakshi ya pindo.

Nilipoanza kwa nyoka, kama bibi alivyonifundisha, niliona kwamba katika picha hizi nyoka si mpinzani. Ameshindwa kabla mchoraji hajashika brashi. Ndiyo maana Giorgis ana nafasi ya kututazama.

Halafu ikaja Adwa. Tarehe 1 Machi 1896 jeshi la Mfalme Menelik wa Pili lililishinda jeshi la Italia kaskazini mwa nchi. Kwa kalenda yao ilikuwa siku ya Giorgis, na tabot, yaani kibao kitakatifu, ya kanisa lake ilikuwa imebebwa mpaka vitani. Wachoraji wakaanza kuichora vita hiyo kwenye vitambaa vikubwa vya pamba, na wakaendelea kuichora kwa miongo mingi. Jumba la makumbusho la British Museum lina mojawapo. Upande mmoja jeshi la Ethiopia, Menelik chini ya mwavuli wa kifalme, Malkia Taytu juu ya farasi. Upande wa pili Waitalia, safu kwa safu. Waethiopia wamechorwa kwa macho mawili. Waitalia wamechorwa kwa upande, jicho moja moja, hata bila kusoma maandishi unajua kila mtu amepewa hukumu gani. Na juu katikati, angani, ndani ya upinde wa kijani, njano na nyekundu, Giorgis amepanda farasi wake mweupe, mkuki mkononi.

Joka halipo.

Litafute utakavyo katika kitambaa kile, hutaliona. Mkuki umeelekea kwa Waitalia. Watu wamewekwa mahali pa nyoka, na jicho la mtazamaji, lililozoea tangu utoto kwamba mkuki wa Giorgis ukielekea mahali basi pale pana uovu, linakamilisha kazi bila kuambiwa. Kwa upande wangu naipenda picha ya Adwa. Wale walikuja kuiteka nchi ya watu, wakashindwa, na nchi ina haki ya kushangilia. Lakini ndiyo iliyonionyesha waziwazi hatari iliyomo katika muundo huu wa picha. Mahali pa chini ya farasi hapakai wazi. Joka likiondoka, mtu huwekwa.

Na farisi huyo huyo alikuja kwenye ziwa letu akiwa na mwili na damu. Mwaka 1888 Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Wamisionari wa Afrika, alizunguka miji ya Ulaya akihubiri kile alichokiita vita vya msalaba dhidi ya biashara ya utumwa. Biashara ile ilikuwa uovu wa kweli, na vijiji vya pande zote mbili za Tanganyika viliijua kwa majivu na makaburi. Ng'ambo ya pili, upande wa Kongo, tayari alikuwepo kapteni Mfaransa, Léopold Joubert, aliyewahi kuwa askari wa Papa huko Italia. Alikusanya watu, akawafundisha bunduki, akapigana na wafanyabiashara wa watumwa, akaoa huko, na akafia huko mwaka 1927. Ulaya ilimsoma kama farisi wa zamani aliyefufuka. Watu aliowalinda walikuwa na sababu za kweli za kumshukuru. Hata hivyo picha ile ya farasi na nyoka ilipokwisha kukaa vichwani, haikuishia kwa wauza watumwa. Nchi nzima ilichorwa kama binti aliyepiga magoti akingoja kuokolewa, na mwokozi aliposhuka kwenye farasi hakuondoka.

Rupia ya Kijerumani iliyotumika Bismarckburg ilikuwa na kichwa cha Kaisari Wilhelm wa Pili, amevaa helmeti yenye tai juu yake, vazi la vita lililokusudiwa kumfanya aonekane kama farisi. Na mwaka 1915, wakati Spicer-Simson anasafirisha boti zake kupitia Kongo kuja ziwani, huko Uingereza yalibandikwa matangazo ya kuwaita vijana jeshini yenye picha ya Mtakatifu Georgi akilichoma joka. Safari hii joka lilikuwa Mjerumani. Kwa hiyo siku ile ya Juni mbele ya Kasanga walikabiliana mafarisi wawili, kila mmoja akimwona mwenzake ni nyoka. Waliobeba mizigo yao kwa vichwa, waliokuwa wakiitwa tengatenga, hawakuwemo katika picha ya upande wowote. Walikufa wengi, kwa njaa na maradhi, na hakuna aliyewachora wakiwa na macho mawili.

Wako watakaosema kwamba sisi wa Uswahilini hatuna hadithi ya joka, kwa hiyo haya yote ni mambo ya kuazima. Tunayo. Iko katika mkusanyo wa hadithi za Unguja uliochapishwa na Edward Steere mwaka 1870, na ni ya Sultani Majinuni na Nunda mla watu. Nunda alianza kama paka wa nyumba ya sultani. Akala ndama, watu wakaenda kushtaki, sultani akasema paka ni wangu na ndama ni wangu. Akala mbuzi, jibu likawa lilelile. Akala ng'ombe, akala watu, mpaka akawala watoto wa sultani mwenyewe. Ndipo mwana wa mwisho akatoka kwenda kumtafuta, akaua mnyama mmoja baada ya mwingine, na kila alipomleta nyumbani mama yake alimwambia huyo siye, mpaka akampata aliye kweli.

Hebu fikiria mtu angeichora hadithi hiyo jinsi Georgi anavyochorwa. Kijana, mkuki, mnyama. Ingekuwa picha ya uongo, kwa sababu ingeacha nje kiti cha sultani. Mnyama yule hakutoka ziwani wala pangoni. Alilelewa kwa maziwa ya nyumba ya mkubwa, na kila aliposhtakiwa alitetewa. Msimulizi wa Unguja alijua jambo hilo akaliweka mwanzoni, na akamweka mama anayekagua kila mzoga kabla ya kukubali kwamba ndiye. Mama yule ni muhimu sawa na kijana. Ndiye anayezuia mkuki usimwangukie asiyehusika na watu wakalala wakidhani kazi imekwisha.

Kati ya picha zote hizi, za kadi, za makanisa ya Ethiopia, ya Adwa na ya London, hukumu yangu ni kwamba ya Uccello ndiyo ya kweli kuliko nyingine, kwa ajili ya ile kamba. Ya Ethiopia ndiyo nzuri kuliko zote, na ndiyo ningetaka kuitazama siku ya mwisho ya maisha yangu. Lakini hakuna hata moja kati ya hizo iliyochora kile ambacho bibi wa dagaa angekitambua.

Kwa hiyo namwomba mchoraji wa Rukwa, popote alipo, Sumbawanga mjini, Matai, au hapa Kasanga bandarini. Kuna kipande cha hadithi ya Silene ambacho wachoraji wengi wamekiacha kwa kukimbilia mkuki. Ni ile safari kutoka ziwani mpaka mjini. Msichana anatangulia, mkanda wake mkononi. Nyuma yake linamfuata joka, limejeruhiwa, liko hai. Farasi na mwenye mkuki wako nyuma kabisa, maana kwa wakati huo hawana kazi. Kando ya njia kuna mitumbwi iliyopinduliwa na dagaa walioanikwa, na milangoni wamesimama watu ambao bado hawajaamua kama wakimbie au wabaki. Mweke bibi mmoja mlangoni, amefuta mikono kwenye kanga, anamtazama nyoka. Na nyuso zao zote, pamoja na ya nyoka, zichore kwa macho mawili.